Majitaka ya kijijini Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa sana kila kijiji kinapopata bomba, shule inapojenga vyoo vipya, au karo la zahanati (tangi la ardhini la kutuliza majitaka) linapoanza kufurika masika. Vipimo vilivyotolewa ni vya kuanzia. Udongo wa kiwanja chako ndio wenye neno la mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Majitaka ni yapi? Maji ya kufulia nayo yamo?

Yamo. Majitaka ni maji yote yaliyokwisha kutumika: ya chooni, bafuni, jikoni na ya kufulia. Ya chooni yana vijidudu vingi zaidi, nayo lazima yafungiwe. Ya bafuni na jikoni yana sabuni, mafuta na mchanga, na njia yake ni rahisi zaidi (tazama swali la 11).

Maji ya mvua si majitaka na yasiingie humo kamwe. Bati moja likielekezwa kwenye karo, mvua ya usiku mmoja husukuma tope lote mpaka kwenye shimo la kufyonza (linalopokea maji ya karo na kuyaachia udongoni), na shimo hilo huziba moja kwa moja.

2. Kijijini tunachota maji kwenye kioski. Tunahitaji karo?

Kwa kawaida hapana. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku kwenye kituo kilicho ndani ya mita 400. Anayebeba maji hayo kichwani hamwagi hata lita 5 chooni. Karo lisilopata maji hukusanya uchafu mkavu kwenye bomba, na bomba huziba kabla karo halijafanya kazi yoyote.

Kwa hali hiyo jenga choo cha shimo chenye sakafu inayosafishika na bomba la hewa lenye wavu, au choo cha kumwagia maji kidogo, chenye sinki la mtego (lita 2 mpaka 3 zinatosha) na shimo lililo pembeni. Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, maji ya ardhini yako chini sana na maji yenyewe ni ya shida. Choo cha namna hii ndicho kinachofaa huko, na wala si choo cha mtu duni. Kwenye kichanga jenga ukuta wa shimo kwa matofali, angalau mita ya juu, la sivyo litaporomoka masika ya kwanza.

3. Lini basi tufikirie karo?

Bomba linapoingia ndani ya nyumba na matumizi yakafika lita 50 au 60 kwa mtu kwa siku. Vilevile kwa shule, zahanati, nyumba za wageni na soko la samaki.

Kabla ya kuchimba, jibuni swali moja: tope likijaa baada ya miaka mitatu, nani atalitoa, kwa chombo gani, na litapelekwa wapi? Kama hakuna jibu, jengeni vyoo vya mashimo mawili ya kupokezana. Moja linatumika, jingine limefungwa na kupumzika (tazama swali la 17).

## Ardhi na kisima

4. Choo kikae umbali gani na kisima?

Mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kitako cha shimo kibaki mita 2 juu ya maji ya ardhini, ukipima mwishoni mwa masika. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo pima kina cha maji kisimani mwezi Machi au Aprili. Anayepima Oktoba hujidanganya, maana maji yanaweza kupanda mita kadhaa baadaye.

Mita 30 ni kwa udongo wa kawaida, ambamo maji hupita polepole na vijidudu hufa njiani. Kwenye mwamba wenye nyufa umbali huo hauna maana yoyote.

5. Tunaishi Kilwa, juu ya mawe ya matumbawe. Tufanyeje?

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko pote. Mikindani, Kilwa na sehemu nyingi za pwani zimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye mianya, na maji ya chooni yanaweza kufika kisima cha jirani bila kuchujwa hata kidogo. Anayefurahi kwamba shimo lake “halijai miaka yote” ajue uchafu wake unakwenda mahali fulani, na mara nyingi ni kisimani.

Jenga karo lisilovuja, kisha badala ya shimo refu weka kichuguu cha mchanga juu ya ardhi: mchanga safi wa mtoni kina cha sm 60 hadi 100, kokoto juu yake, mabomba yenye matundu ndani ya kokoto, halafu udongo na nyasi. Maji yachujwe mchangani kabla ya kugusa jiwe. Kisima cha karibu kitumike kwa kufulia tu, maji ya kunywa yatoke kwenye bomba au yachemshwe.

Mabonde ya Ruvuma na Lukuledi, ambako maji yako juu masika, dawa ni hiyohiyo: kupanda juu, si kuchimba chini.

6. Nitajuaje kama udongo wangu unafyonza?

Chimba kishimo cha upana wa sm 15 hadi 30 na kina cha nusu mita, mahali mfumo utakapokaa. Kijaze maji jioni ukiache kilowe usiku kucha. Asubuhi tia tena maji mpaka kina cha sm 30, chomeka rula, pima yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sm 2.5 kwa saa, shimo la kufyonza halitafaa hapo. Yakikimbia sm 2.5 kwa dakika moja au chini ya dakika, udongo hauchuji, hivyo ongeza umbali na visima. Rudia vishimo vitatu, kimoja kinaweza kuwa kimeangukia kwenye tundu la mchwa.

Kukisia ukubwa wa mfumo, kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo hupokea kwa siku lita 50 kwenye mchanga wa chembe kubwa, lita 33 kwenye mchanga laini, lita 25 kwenye kichanga kilichochanganyika na udongo, na lita 10 kwenye mfinyanzi usiovimba. Mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika haupokei hata hizo 10.

## Karo na shimo la kufyonza

7. Karo linasafisha maji kweli?

Kwa sehemu tu. Ndani ya karo uchafu mzito hutua na kuwa tope, mafuta huelea na kuwa utando, na bakteria wasiohitaji hewa humeng'enya sehemu ya tope. Maji yanayotoka bado yana vijidudu tele na mayai ya minyoo. Usafishaji hasa hufanyika kwenye udongo au kwenye bwawa la matete (tazama swali la 19). Kuelekeza bomba la karo mtaroni ni sawa na kumwaga choo mtaroni.

8. Karo la familia ya watu 8 liwe na ukubwa gani?

Chukua lita 60 kwa mtu: watu 8 hutumia lita 480, na kama asilimia 80 hurudi kuwa majitaka, yaani lita 384 kwa siku. Maji yakae siku mbili, karibu lita 770. Tope ni kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka mitatu lita 960. Utando wa juu ni kama nusu ya tope, lita 480. Jumla lita 2,210.

Karo la urefu wa mita 2, upana mita 1 na kina cha maji mita 1.2 hubeba lita 2,400. Ongeza sm 30 juu ya maji kwa ajili ya hewa na utando. Ligawe vyumba viwili: cha kwanza mita 1.3, cha pili mita 0.7, nje ya unene wa ukuta wa kati.

Karo kubwa mno si kosa. Karo dogo ndilo linaloua shimo la kufyonza, kwa sababu tope halipati muda wa kutua.

9. Vifaa gani, na mafundi hukosea wapi?

Kwa karo la swali la 8 andaa matofali kama 125 ya inchi 6 yasiyo na matundu, saruji mifuko 11 hadi 12 ya kilo 50, nondo za milimita 10 kwa mfuniko, bomba la inchi 4 na T mbili (viungo vya bomba vyenye umbo la herufi T) za inchi 4. Sakafu ni zege la sm 10 la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Plasta ya ndani ni 1:3 (saruji, mchanga), mikono miwili, kisha niru (saruji tupu iliyokorogwa kwa maji). Mfuniko ni zege la sm 10, nondo zikipishana kila sm 15, na uwe na vifuniko viwili vinavyofunguka, kimoja juu ya kila T. Karo lisilo na kifuniko cha kufungua hubomolewa siku ya kunyonya.

T ndizo zinazosahaulika zaidi. Ya kuingilia izame sm 20 hadi 30 chini ya maji. Ya kutokea izame sm 40 hivi, ichote maji ya katikati ambayo hayana tope wala utando. Bomba la kuingia liwe juu ya la kutoka kwa sm 7.5. Ukuta wa kati uwe na matundu mawili ya sm 15 kwa 15, sm 70 kutoka sakafuni, na juu uachwe wazi ili gesi ipite. Fundi akiweka bomba nyoofu bila T, utando huingia shimoni na mwaka wa pili unaanza kulalamika.

Bomba la kutoka nyumbani literemke sm 2.5 kwa kila mita, na liwe na chemba (kisanduku cha kukagulia na kuzibulia) kila linapopinda. Kabla ya kufukia, jaza karo maji, liache siku nzima plasta inywe, jaza tena na uweke alama. Kesho yake kama maji yameshuka, plasta inavuja, irudiwe.

10. Na shimo la kufyonza?

Lita 384 za swali la 8 kwenye mchanga laini (lita 33 kwa mita ya mraba) huhitaji ukuta wa mita za mraba 11.6. Shimo la duara la kipenyo cha mita 1.5 lenye kina cha mita 2.5 chini ya bomba linatosha kabisa. Kitako hakihesabiwi kwa sababu huziba mapema. Ukuta ujengwe kwa matofali yasiyotiwa saruji kwenye viungo vya wima, na nyuma yake kokoto.

Kwenye udongo wa lita 10 hesabu hiyo hupanda mpaka mita za mraba 38. Usichimbe shimo, chimba mitaro miwili ya mita 16, iachane mita 2, yenye kina cha kokoto cha sm 60. Gari lisipite juu yake. Mwembe au mkorosho usiwe karibu, mizizi itaingia bombani.

## Bafuni, jikoni na korosho

11. Maji ya kuoga na ya vyombo yaende wapi?

Kwa nyumba isiyo na bomba, shimo la migomba ndilo jibu bora tunalolijua. Chimba duara la kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 1, udongo ukae ukingoni kama tuta. Jaza makumbi ya nazi, matawi na majani makavu, panda migomba minne au mitano kwenye tuta na mpapai mmoja. Maji yaingie chini ya majani, yasionekane. Takataka zikishuka, ongeza nyingine.

Kama yanaingia kwenye karo, weka kwanza mtego wa mafuta: kisanduku cha lita 40, bomba la kutokea likichota kutoka chini. Mchanga na majivu ya kusugulia sufuria hutua humo pia, badala ya kujaza karo. Nyumbani usafishwe kila mwezi, kwa mama lishe kila wiki. Mafuta yaliyokombwa yafukiwe.

12. Mbu wamejaa uani. Ni wa malaria?

Wengi wao sio. Mbu aina ya Culex hupenda maji machafu ya mashimo ya vyoo, makaro yenye nyufa na madimbwi ya bafuni, nao ndio wanaoeneza minyoo ya matende na mabusha kwenye pwani yetu. Ziba nyufa za mfuniko kwa saruji, weka wavu kwenye bomba la hewa, ondoa madimbwi. Kwa shimo la choo lenye maji, chembe nyepesi za polistireni (plastiki ya povu) zikielea zote juu kwa unene wa sm 1 humzuia mbu kutaga na viluwiluwi vyake kupumua. Njia hiyo ilitumika Makunduchi, Unguja, kwa mafanikio makubwa. Haifai kwenye shimo kavu wala linalofurika.

13. Tunabangua korosho nyumbani. Maji yake tumwage chooni?

Msimwage. Mafuta ya maganda ya korosho yana asidi inayounguza ngozi na kuua bakteria wanaofanya kazi ndani ya karo. Maganda na mabaki ya mafuta yakae mbali na maji kabisa. Maji ya kukamua mabibo yana sukari nyingi, ambayo huoza haraka na kunuka. Kiasi kidogo kinaweza kwenda shimo la migomba, pipa zima lisiende kwenye karo.

Maji ya kulowekea muhogo mchungu yana sumu ya sayanidi. Yamwage mbali na kisima, mahali mbuzi na kuku hawafiki.

## Likiharibika

14. Karo limefurika baada ya mwaka mmoja. Limejaa?

Mara nyingi karo halijajaa, shimo la kufyonza ndilo limeziba. Fungua kifuniko cha T ya kutokea. Kama maji ya karo yako kwenye usawa wake wa kawaida na nyumbani choo kinarudisha, kizuizi kiko kwenye bomba la kuingilia: nguo, pedi au magunzi. Kama maji yamepanda juu ya T, angalia shimo. Likiwa limejaa mpaka juu, udongo umeziba kwa tope lililovuka, au maji ya mvua yanaingia, au maji ya ardhini yamepanda. Likiwa tupu, T ya kutokea ndiyo iliyoziba.

Kunyonya karo kwa sababu ya shimo lililoziba hukupa nafuu ya siku chache tu. Tibu chanzo, kisha chimba shimo la pili na uliache la kwanza lipumzike miezi kadhaa. Udongo hufunguka tena ukikauka.

15. Nipime vipi tope? Na hizi dawa za kumaliza tope?

Funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, uzamishe taratibu mpaka sakafuni, subiri dakika chache, utoe. Sehemu nyeusi ndiyo tope. Likifika theluthi moja ya kina cha maji (sm 40 kwenye karo la swali la 8), panga kunyonya. Pima kila mwaka kiangazi, maana gari la kunyonya halipiti vizuri barabara za vumbi zikishalowa.

Hamira, magadi na kuku aliyekufa haviongezi chochote. Kinyesi kina bakteria wote wanaohitajika. Mafuta ya taa na dawa kali za kuua vijidudu huliharibu karo.

16. Mtu aingie kuchota kwa ndoo?

Hapana, hata kwa dakika moja. Ndani ya karo na shimo kuna gesi zinazoua mtu kabla hajapiga kelele, na anayeingia kumwokoa hufa pia. Harufu ya yai bovu ikipotea ghafla usifikiri gesi imekwisha, pua ndiyo imezidiwa. Usiwashe moto wala sigara karibu na mfuniko uliofunguliwa. Akianguka mtu, mvuteni kwa kamba kutoka juu, asiingie mwingine.

Baada ya kunyonya, jaza maji safi mara moja. Karo tupu, hasa tangi la plastiki, huweza kuinuliwa na maji ya ardhini masika na kuvunja mabomba.

17. Gari halifiki kwetu. Tope tulipeleke wapi?

Ulizeni kwanza mamlaka ya maji ya mkoa (MTUWASA kwa Mtwara, LUWASA kwa Lindi) kuhusu gari na mahali panaporuhusiwa kumwaga. Kama haiwezekani, tope linyonywe kwa pampu ya mkono kutoka juu na kuzikwa kwenye mtaro wa kina cha sm 80, mbali na visima kama ilivyo kwenye swali la 4. Juu lifunikwe udongo wa sm 30 au zaidi, kisha ipandwe miti. Wafanyakazi wavae gambuti na glavu.

Kwa mashimo mawili, lililofungwa likae mwaka mmoja na nusu mpaka miwili bila kuongezwa kitu. Mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu kuliko bakteria, na joto letu huyamaliza kwa muda huo. Hapo tope limekuwa udongo mkavu usionuka, linafaa chini ya mikorosho na minazi.

## Shule, zahanati na kijiji kizima

18. Shule na zahanati zina tofauti gani na nyumba?

Shule hutoa majitaka kwa vishindo, mapumziko ya saa nne karibu wanafunzi wote hukimbilia chooni. Karo la shule lipewe nafasi ya ziada, na chumba cha wasichana kiwe na pipa la pedi, kwani pedi ndizo zinazoziba mabomba ya shule kuliko kitu kingine. Idadi ya matundu ni moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.

Zahanati itenganishe mambo. Kondo la nyuma liende kwenye shimo lake, sindano kwenye shimo lake. Maji ya klorini ya kuoshea vifaa kwa kiasi kidogo hayadhuru, ndoo nzima kila siku huua bakteria wa karo.

19. Bwawa la matete ni nini, nalo linahitaji nini?

Ni beseni lililochimbwa, likafungwa kwa plastiki nzito au mfinyanzi, likajazwa kokoto za milimita 8 hadi 20 kwa kina cha sm 60, na kupandwa matete manne kwa kila mita ya mraba. Maji yakitoka karoni hupita ndani ya kokoto, sm 5 hadi 10 chini ya uso, kwa hiyo mbu hawapati pa kutaga. Mwanzo na mwisho wa bwawa weka mawe makubwa ya sm 4 hadi 8. Eneo ni mita ya mraba 1 hadi 2 kwa mtu.

Matete ya bondeni kwetu yanafaa kabisa, yamefanyiwa utafiti wa namna hii na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tatizo kuu ni kuziba upande wa kuingilia, na sababu karibu kila mara ni karo ambalo halikunyonywa. Dalili ni dimbwi juu ya kokoto za mwanzo. Hapo kokoto za mita ya kwanza hutolewa, kuoshwa na kurudishwa.

20. Na mabwawa ya wazi kwa kijiji kizima?

Yanafaa panapokuwa na ardhi ya kutosha na maji ya bomba majumbani. Kwa watu 500, baada ya karo au bwawa la kwanza lenye kina kirefu kupunguza nusu ya uchafu, bwawa la kati la mita za mraba 300 na kina cha mita 1.5 linatosha kwa joto letu. Baada yake yafuate mawili madogo, kila moja la siku nne au tano, ambamo jua huua vijidudu. Rangi ya kijani ni afya. Likigeuka kijivu au la waridi na kunuka, limezidiwa.

Uzio ni lazima, na ukingo ufyekwe kila mwezi, majani yakigusa maji huleta mbu. Mabomba ya kijiji yabebe maji yaliyokwisha kutua kwenye karo la kila nyumba. Hapo bomba jembamba linatosha na haliwi rahisi kuziba.

21. Kibali kinatoka wapi?

Anzeni na serikali ya kijiji na afisa afya wa kata. Mfumo wa kijiji upite RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilayani, pamoja na chombo cha watumia maji. Kumwaga maji yaliyosafishwa mtoni au kwenye kijito huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

22. Maji ya bwawa la mwisho tunaweza kumwagilia?

Migomba, minazi, mikorosho na majani ya ng'ombe, ndiyo. Yapite kwenye mifereji, yasirushwe hewani. Mchicha, nyanya na kachumbari yoyote inayoliwa mbichi, hapana, mpaka maji yapimwe na yaonekane hayana zaidi ya yai moja la minyoo kwa lita na bakteria wa kinyesi 1,000 kwa mililita 100. Maji ya karo pekee, yasiyopita bwawani, yasimwagiliwe kitu chochote juu ya ardhi, hata kama bustani inakauka.